Kuchakata Data: Safari ya Jibu la Mkazi Kutoka Rejesta Hadi Bajeti



Katika mashamba ya mkonge ya Taita Taveta na Kilifi, kuchakata ni kazi inayojulikana. Jani linakatwa, linapitishwa kwenye mashine, nyama yake inapondwa na kuoshwa, zinabaki nyuzi. Nyuzi zinaanikwa, zinasafishwa na kupangwa kwa daraja, ndipo zinauzwa. Kilo 100 za majani hutoa nyuzi kavu za kama kilo 4 tu. Kilichobaki ni maji na makapi.

Neno hilo hilo ndilo linalotumika leo kueleza kazi kubwa ya kompyuta: kuchakata data. Linasikika kwenye redio, linaandikwa kwenye fomu za serikali na kwenye jumbe za simu zinazomwomba mtu akubali masharti. Wengi wanabonyeza "nakubali" bila kujua wamekubali nini. Mazungumzo haya yanahusu maana ya neno hilo, na kwa nini mkazi wa kijijini ambaye hajawahi kugusa kompyuta ana shughuli nalo.

Data ni maelezo ghafi: tarakimu, jina, tarehe, alama ya vema kwenye kisanduku, picha, hata sauti. Likiwa peke yake, elezo moja halisemi kitu. Nambari 38.5 ni nini? Inaweza kuwa kilo za mahindi au umbali wa barabara. Ikielezwa kwamba ni joto la mwili wa mtoto wa miaka 2, imeanza kupata maana. Ikiwekwa kando ya vipimo vya watoto wengine wa wadi hiyo hiyo katika wiki hiyo hiyo, imekuwa habari ya kumtoa afisa wa afya ofisini. Kuchakata data ni zile hatua zote zinazotoa elezo mahali pa kwanza na kulifikisha mahali pa pili.

Vitabu vya shule huzitaja hatua hizo kama orodha ya kukariri: kukusanya, kukagua, kuingiza, kupanga, kukokotoa, kuhifadhi, kutoa matokeo. Ni rahisi zaidi kuziona zikifanya kazi kwenye zahanati.

Mama anafika na mtoto mwenye homa. Mhudumu anaandika mstari mmoja katika rejesta ya wagonjwa wa nje, ile ambayo vituo vya umma huijua kwa nambari yake ya Wizara ya Afya, 204. Anaandika tarehe, umri, jinsia, kijiji, ugonjwa na dawa iliyotolewa. Mstari huo ndio data. Siku ikiisha, mistari inahesabiwa na jumla kuandikwa kwenye fomu ya muhtasari, 705, ambayo ina sehemu mbili: moja ya watoto walio chini ya miaka 5, nyingine ya wenye umri wa miaka 5 na zaidi. Kila ugonjwa una mstari wake na kila siku ya mwezi ina safu yake. Mwezi ukimalizika, jumla za vituo zinaingizwa kwenye mfumo wa kitaifa wa taarifa za afya, ambao tangu 2011 unatumia programu ya mtandaoni iitwayo DHIS2, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, Norway.

Kuanzia hapo kazi ni ya kompyuta, na inaifanya kwa dakika chache. Inajumlisha vituo vyote vya kaunti ndogo, inalinganisha mwezi huu na mwezi kama huu mwaka uliopita, inatoa asilimia, inachora ramani. Afisa wa afya anaona ni wapi malaria imepanda. Makadirio ya dawa za kuagizwa kutoka KEMSA yanategemea takwimu za matumizi zinazotoka kwenye vituo hivyo hivyo.

Sasa chukulia kwamba zahanati ilitibu wagonjwa 41 wa malaria, na aliyeingiza takwimu, amechoka, jioni imefika, akaandika 14. Je, kompyuta itajua? Inategemea. Programu nzuri huwekewa ukaguzi. Itakataa herufi mahali pa nambari. Itauliza iwapo waliokutwa na malaria wamezidi waliopimwa. Inaweza hata kuonyesha rangi nyekundu ikiwa nambari imeruka mbali na ilivyozoeleka. Lakini 14 ni nambari halali kama 41. Mashine haina njia ya kwenda zahanati kuhesabu upya. Itaijumlisha pamoja na nyingine, kwa kasi ile ile na usahihi ule ule wa hesabu, na ripoti itatoka ikiwa safi, imechapishwa vizuri, na dawa zitapungua kabla ya mwezi kwisha.

Kuna kosa jingine lisiloonekana kirahisi, nalo ni kisanduku kitupu. Zahanati ambayo haikupata mgonjwa wa kuhara inapaswa kuandika 0. Zahanati ambayo haikupata muda wa kuhesabu huacha wazi. Kwa macho ya haraka mambo hayo mawili ni sawa, kumbe yametofautiana sana: moja linasema hakuna ugonjwa, jingine linasema hakuna anayejua. Programu ikisoma utupu kama sufuri, eneo lenye matatizo makubwa kuliko yote linaweza kuonekana ndilo lenye afya njema kuliko yote. Wachakataji wazoefu hupoteza saa nyingi kwenye visanduku vitupu kuliko kwenye hesabu zenyewe, na hawakosei kufanya hivyo.

Na si kila kosa ni la mfanyakazi. Mgonjwa akiulizwa anatoka wapi, mara nyingi hutaja soko lililo karibu kwa sababu ndilo linalojulikana. Jina la soko linaandikwa. Kipindupindu kikizuka, ramani inaonyesha ugonjwa uko sokoni, huku kijiji chenye kisima kilichochafuka kikibaki safi kwenye karatasi. Timu inapelekwa kutibu maji ya soko. Neno moja lililotamkwa dirishani pa zahanati limeihamisha timu nzima.

Ndiyo sababu hatua ya kunakili kutoka karatasi hadi karatasi inapunguzwa. Mnamo Septemba 2023 serikali ya kitaifa ilizindua utoaji wa vifaa kwa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 kote nchini, simu zikiwemo, ili taarifa za kaya ziingizwe mlangoni mwa nyumba. Hilo linaondoa makosa ya kunakili. Halimwondoi anayejibu swali.

Uchakataji wa aina hii wa kukusanya rundo na kulifanyia kazi kwa pamoja ni wa zamani kuliko kompyuta yenyewe. Sensa ya Marekani ya 1880 ilichukua miaka kama 7 kukamilisha, na kulikuwa na hofu kwamba ile ya 1890 isingekwisha kabla ya nyingine kuanza. Mhandisi Herman Hollerith alibuni mashine ya kusoma kadi zilizotobolewa: kila mtu kadi moja, kila jibu tundu moja mahali pake. Pini za chuma zilishuka juu ya kadi; palipokuwa na tundu, pini ilipita, umeme ukapata njia, na mshale wa kuhesabia ukasogea hatua moja. Watu zaidi ya milioni 62 walihesabiwa hivyo. Kampuni ya Hollerith iliunganishwa na nyingine mwaka 1911, na mwaka 1924 ikachukua jina linalojulikana hadi leo, IBM.

Namna nyingine ya kuchakata haisubiri rundo. Mtu anayetuma pesa kwa M-Pesa, huduma iliyoanza Machi 2007, anachakatiwa data yake papo hapo: nambari ya siri inakaguliwa, salio linasomwa, linapunguzwa huku, linaongezwa kule, jumbe mbili zinatoka. Ikishindikana katikati, mfumo unapaswa kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa, maana pesa haiwezi kuwa imetoka kwa mmoja bila kuingia kwa mwingine.

Mfano wa Kenya unaogusa kila kaya, hata hivyo, ni sensa.

Tangu 1969 Kenya imehesabu watu wake kila baada ya miaka 10. Mwaka huo walikuwa 10,942,705. Katika sensa ya 2009, majibu yaliandikwa kwenye fomu za karatasi ambazo baadaye zilipitishwa kwenye mashine za kusoma maandishi. Usiku wa sensa ulikuwa wa kuamkia Agosti 25, 2009. Matokeo yalitangazwa Agosti 31, 2010, mwaka mzima baadaye. Katika sensa ya 2019 makarani walibeba vishikwambi vilivyounganishwa humu nchini na Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Jibu liliingia kwenye kifaa, likakaguliwa hapo hapo, likatumwa. Usiku wa sensa ulikuwa tarehe ile ile ya Agosti, na matokeo ya kwanza yakatangazwa Novemba 4, 2019: watu 47,564,296. Mwaka mmoja ulikuwa umepungua hadi siku 71.

Kasi ndiyo iliyosifiwa zaidi. Ukaguzi unastahili sifa zaidi, kwa sababu ndani yake mna ujanja wa kuvutia. Watu wengi, hasa wazee, hawajui mwaka hasa waliozaliwa. Wakiulizwa umri hukadiria, na makadirio yana mazoea: 40, 50, 60. Mchakataji akichora idadi ya watu kwa kila umri, anaona vichuguu kwenye 40 na 50, na mabonde kwenye 39, 41, 49 na 51. Hakuna taifa ambalo watu wake huzaliwa kwa mpango huo. Basi anajua kiasi gani cha umri ulioandikwa ni cha kukisia, na ana njia za kihesabu za kulainisha mstari kabla ya kukadiria wazee watakaohitaji huduma.

Ukaguzi wa namna hiyo unaweza pia kuzua mzozo. Mwaka 2010, waziri aliyehusika alitangaza kwamba matokeo ya wilaya 8 za kaskazini, katika maeneo ya Turkana, Mandera, Wajir na Garissa, hayangekubaliwa. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kitakwimu: idadi iliongezeka kuliko vizazi na vifo vinavyoweza kueleza, na mpangilio wa umri na jinsia haukufanana na ulivyotarajiwa. Wakazi hawakukubali, wakaenda mahakamani. Wapo walioona ni hesabu inayosahihishwa. Wapo walioona ni watu wanaofutwa.

Hasira hiyo inaeleweka mtu akitazama njia ya pesa. Katiba inataka kaunti zote kwa pamoja zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato yanayokusanywa kitaifa, na mgawanyo baina yao hufuata fomula. Katika fomula mbili za kwanza tangu ugatuzi, idadi ya watu ilibeba uzito wa asilimia 45. Katika ya tatu, ambayo Seneti iliipitisha Septemba 2020 baada ya kukwama mara kadhaa, uzito huo ulishuka hadi 18, afya ikapewa 17, umaskini 14, kilimo 10, na vigezo vingine vikagawana kilichobaki. Maseneta walibishana wiki nyingi juu ya vigezo hivyo. Karibu vyote vinatokana na jambo lile lile: mtu fulani aliulizwa swali, akajibu, jibu likachakatwa. Kaya iliyojificha karani alipobisha hodi haikujificha peke yake. Iliondoa pia nafasi yake katika hesabu ya maji na barabara kwa miaka 10.

Hapa inafaa kurudi kwenye zile kilo 4 za mkonge, kwa sababu kila uchakataji hutupa kitu. Sensa ya 2019 ilipata wastani wa watu 3.9 kwa kaya nchini. Hakuna nyumba yenye watu 3.9. Nairobi wastani ulikuwa 2.9, na Mandera 6.9. Anayepanga chakula cha msaada kwa kaya akitumia 3.9 kila mahali atawapunja watu wa Mandera karibu nusu, na hakuna tarakimu hata moja aliyodanganya. Hali ni hiyo hiyo ndani ya kaunti, na ndani ya wadi. Wastani wa umbali wa kufika kwenye maji unaweza kuwa mzuri kwa wadi nzima kwa sababu wengi wanaishi karibu na bomba la mjini, huku kitongoji kimoja mlimani kikitembea nusu siku. Mkazi wa kitongoji hicho akihudhuria kikao cha bajeti, swali la kuuliza ni: takwimu hii imetolewa kwa wadi au kwa kijiji?

Siku hizi uchakataji haugawi rasilimali baina ya maeneo tu. Unamfikia mtu mmoja mmoja. Bima ya afya ya jamii iliyoanza Oktoba 1, 2024 chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ni mfano wa karibu. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, jambo rahisi kwa mashine. Lakini mchuuzi, mkulima na bodaboda hawana hati ya mshahara. Wao huulizwa maswali kuhusu nyumba, maji, choo, nishati ya kupikia, idadi ya watu nyumbani na mengine ya namna hiyo. Majibu yanapitishwa kwenye kanuni za hesabu ambazo hukadiria mapato ya kaya, na kutoka kwenye makadirio hayo mchango hutolewa, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi.

Hesabu hiyo haimjui mtu. Inajua kwamba, kwa jumla, kaya zenye paa la namna fulani huwa na mapato ya kiasi fulani. Mjane aliyeachiwa nyumba nzuri na marehemu mumewe, asiye na kipato, anaweza kuonekana mwenye uwezo. Mwenye duka anayeishi kwenye nyumba ya kupanga ya chumba kimoja anaweza kuonekana maskini. Anayejibu maswali hayo ajibu kwa makini na kwa ukweli, asiachie mtu mwingine amjazie kwenye simu kwa haraka, na makadirio yakitoka asiyofanana nayo kabisa, ayalalamikie mapema badala ya kunyamaza na kuacha kulipa.

Sheria inamuunga mkono kuliko wengi wanavyofikiri. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ikaongeza mambo ya utekelezaji, na jinsi inavyoeleza kuchakata ni pana mno: kukusanya data ni kuchakata, kuihifadhi kabatini ni kuchakata, kuisoma, kuibadilisha, kumpa mwingine, hata kuifuta. Mlinzi wa geti anayeandika nambari ya kitambulisho kwenye daftari, kwa maana hiyo, anachakata. Ofisi inayoweka majalada ya wagonjwa, zikiwemo za kaunti, inabanwa vivyo hivyo.

Sheria hiyo inampa mtu haki ya kuambiwa data yake itatumiwaje, kuiona, kutaka irekebishwe ikiwa si ya kweli au inapotosha, na kupinga matumizi yake. Inampa pia haki ya kutofungwa na uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Hata katika hali hizo anaweza kutaka uamuzi utazamwe upya. Data ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru watu, anayeishika anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Wapo wanaodhani haya ni maandishi tu. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna iliitoza shule moja shilingi milioni 4.55 kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Mkazi anayetaka kuona takwimu za umma za wadi yake, si za mtu binafsi, anaongozwa na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Anaweza kuomba kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na asiyejua kuandika anaweza kuomba kwa mdomo. Afisa atamwandikia na kumpa nakala. Jibu linatakiwa lipatikane ndani ya siku 21, au saa 48 iwapo jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu. Ombi litaje kinachotakiwa kwa jina lake: zahanati gani, ugonjwa gani, kuanzia mwezi gani hadi mwezi gani. Takwimu zikija, kitu cha kwanza cha kutazama ni visanduku vitupu.